Kabla hujampa mgeni jembe: mwongozo wa kujitolea Arusha na Moshi kwa asiye na kibali cha kazi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee walisema hivyo kabla cheo cha Kamishna wa Kazi hakijakuwepo. Leo, kama mgeni huyo si raia wa Tanzania, na jembe lenyewe liko kwenye bustani ya shule, kituo cha watoto au zahanati ya kanisa, kuna karatasi mbili zinazotakiwa kutangulia: kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Kutolipwa hakubadilishi kitu.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya 2015, inayotumika Tanzania Bara, haikuishia kwenye mshahara. Inamkataza asiye raia kushika shughuli ya kikazi bila kibali, iwe kwa ujira, kwa faida au bila faida. Inamkataza pia mwenyeji kumpa shughuli hiyo. Kwa hiyo maneno "huyu anajitolea tu" hayamtoi mtu kwenye sheria. Ukimwambia hivyo afisa kazi aliyekuja kukagua, umekiri kwamba kazi inafanyika.

Neno "mgeni" nalo lieleweke mapema. Kwa sheria hii mgeni ni yeyote asiye raia: Mkenya wa Taveta anayelala Himo, Mrundi aliyepanga chumba Ngaramtoni, Mjerumani wa miaka 19 aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na begi la mgongoni. Kuongea Kiswahili kizuri, kuoa Mchaga au kukaa Sakina miaka sita hakumfanyi mtu kuwa raia. Mwongozo huu unawahusu watu hao, pamoja na wenye vituo, shule na vikundi wanaowapokea, maana msala ukija huwakumba wote wawili.

ULIINGIAJE NCHINI?

Jibu la swali hili liko kwenye muhuri wa pasipoti. Fungua ukurasa wake, soma aina ya ruhusa na hesabu siku zilizoandikwa. Hesabu siku hasa. Wengi hudhani miezi mitatu ni kuanzia tarehe 4 hadi tarehe 4, kumbe siku 90 zimeisha juzi.

Viza ya matembezi ya kuingia mara moja ni dola 50 kwa mataifa mengi. Wamarekani hulipa dola 100, yao ikiwa ya kuingia mara nyingi. Inatosha kwa kutalii, kuona ndugu, kupanda mlima na kupumzika, ila haifungui mlango wa kazi. Mashirika ya nje yanayouza safari za kujitolea mara nyingi humwambia kijana aseme "I am a tourist" akifika dirishani. Ushauri huo ni mbovu, kwa sababu kumdanganya afisa uhamiaji ni kosa linalojitegemea, na barua ya kituo iliyomo kwenye begi hilohilo inamuumbua akiwa bado hajatoka uwanjani.

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza, na pasi yake, yaani ruhusa ya kukaa inayogongwa kwenye pasipoti, inaweza kufika miezi 6. Mkanganyiko ni mkubwa zaidi hapa kuliko kwa Wazungu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika 1 Julai 2010, na kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, watu huchukulia kwamba mjini hapa mambo ni huria. Sivyo. Kila nchi iliorodhesha kazi ilizozifungua kwa majirani, na hata zile zilizofunguliwa bado zinaombewa kibali. Mkenya aliyevuka Holili kwa pasi ya matembezi akaanza kufundisha hesabu bure kwenye shule binafsi ya Pasua ana hali ileile ya yule Mjerumani, isipokuwa yeye hakulipia viza.

Viza ya biashara ni dola 250 na haivuki siku 90. Ilitengenezwa kwa shughuli fupi za kitaalamu: kufunga mashine, kukagua hesabu, kutoa mafunzo ya wiki chache. Kuna wanaojitolea ambao shughuli yao inaingia hapo, kwa mfano daktari wa meno anayekuja siku 10 na vifaa vyake. Mwenyeji asijiamulie mwenyewe. Aandike barua Uhamiaji mkoani akieleza kazi, siku na mahali, aulize kama viza hiyo inatosha na kama Kamishna wa Kazi naye anahitaji kuhusishwa, kisha asubiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo kutoka kwa "mtu wangu pale ofisini" halioneshwi kwa mkaguzi.

Mwenza au mtoto wa mwenye kibali, anayekaa kwa pasi ya mtegemezi, yuko nchini kihalali lakini pasi yake si ya kazi. Arusha ina kundi hili kwa wingi kwa sababu ya Jumuiya, Mahakama ya Afrika na mashirika ya kimataifa. Mke wa ofisa anayetaka kuendesha maktaba ya shule ya mtaa siku tatu kwa wiki anaombewa kibali kama mtu mwingine yeyote. Vivyo hivyo kwa aliyefunga ndoa na Mtanzania: cheti cha ndoa ni njia ya kuomba ukaazi, na ruhusa ya kazi ni ombi la pembeni.

Mwanafunzi wa kigeni abaki ndani ya kile chuo kilichoandika. Kama mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya kozi yake, atembee na barua ya chuo inayotaja taasisi na tarehe. Mtafiti ana mlango wake COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Akianza kukusanya takwimu kwa jina la kujitolea, amekosea mara mbili.

Mkimbizi na mwomba hifadhi wasome Sheria ya Wakimbizi ya 1998 kabla ya kusikiliza ushauri wa kijiweni. Sheria inataka wakae maeneo yaliyotengwa, kama kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kutoka kambini kunahitaji kibali cha kutoka. Kibali cha kazi cha Daraja E ni chao, lakini huombwa na mtu ambaye hadhi yake imeshatambuliwa. Aliye Moshi bila hati yoyote asianze kujitolea popote. Kwanza azungumze na Idara ya Huduma za Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani au na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, maana kazi isiyo na kibali inaweza kulivuruga ombi lake la hifadhi.

MAMBO YASIYO KAZI

Sheria haikuandika orodha ya wema unaoruhusiwa. Tunachotumia ni maswali manne. Je, kuna ratiba ambayo mtu huyu anategemewa kuitimiza? Je, kuna bosi anayemwelekeza? Je, asipokuwepo, ingebidi Mtanzania aajiriwe au apangiwe kazi hiyo? Je, jina lake limewekwa kwenye tovuti, bango au orodha ya wafanyakazi? Ndiyo moja tu inatosha kukupeleka kwenye kuomba kibali.

Ukiyapima kwa maswali hayo, mengi ya maisha ya kawaida yanabaki huru. Kuimba kwaya Jumapili. Kwenda msibani ukamenya ndizi na wengine. Kutoka na majirani Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuzibua mtaro, au kushiriki msaragambo wa kuchimba njia ya maji kijijini. Kupeleka magodoro kwenye kituo ukakaa saa moja ukacheza na watoto mbele ya walezi. Kutoa fedha, kompyuta, vitabu. Kukutana na uongozi wa shirika kupanga ujio wako wa mwakani.

Ukiwa nchi nyingine unaweza pia kufanya mengi kwa intaneti: kuandika maombi ya ufadhili, kutengeneza tovuti, kuwafunza walimu kwa video. Kwa anayesubiri karatasi hii ndiyo njia bora ya kutumia miezi hiyo, na haitumiki kiasi inavyostahili.

Upande wa pili uko wazi vilevile. Kufundisha darasani, kuhudumu wodini, kulea watoto kituoni, kupaka rangi madarasa wiki tatu mfululizo, kukaa mapokezi ya hosteli ili ulale bure: zote hizo ni kazi. Hiyo ya hosteli ina ubaya wake zaidi, kwa sababu kitanda na chakula vinahesabika kama malipo. Kuongoza watalii ndiko kusiguswe kabisa. Amri iliyotolewa Julai 2025 imeweka shughuli 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na kuongoza watalii ni mojawapo. Faini inaanzia shilingi milioni 10, na Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake.

HATUA KWA HATUA: KUOMBA VIBALI

Mwombaji mkuu ni taasisi inayompokea mgeni. Mtu binafsi hawezi kujiombea kibali cha kujitolea "popote patakapopatikana". Anzeni miezi 3 kabla ya tarehe ya kusafiri. Ikitoka mapema, kheri. Lakini kukata tiketi kwanza ndiko kunakozaa ile tabia ya kuingia na viza ya matembezi "halafu tutarekebisha".

Hatua ya kwanza ni ya taasisi kujitazama kwenye kioo. Cheti cha usajili kiwe hai. Shirika lisilo la kiserikali lililosajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002 liwe limewasilisha taarifa zake za mwaka kwa Msajili na kulipa ada. Kituo cha watoto kiwe na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Cheti cha NGO hakiruhusu kulaza watoto. Namba ya mlipakodi na uthibitisho wa kodi viwepo. Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba maombi mengi hukwama kwa karatasi za mwenyeji, na mgeni huwa wa mwisho kujua.

Hatua ya pili, chagueni daraja sahihi la kibali cha kazi. Wanaojitolea kwenye taasisi za dini na za hisani zilizosajiliwa huenda Daraja D. Daraja B ni la fani zilizotajwa kuwa na uhaba, na Daraja C ni la ajira nyingine. Kampuni ya utalii yenye "mradi wa jamii" pembeni haigeuki kuwa taasisi ya hisani kwa kuandika hivyo kwenye barua. Ikiomba Daraja D, itaulizwa cheti cha usajili wa hisani.

Hatua ya tatu, kusanyeni nyaraka za mgeni. Pasipoti yenye uhai wa zaidi ya miezi 6, na ikiwezekana inayovuka muda wote wa kujitolea. Wasifu wake. Vyeti vya elimu na taaluma. Visivyo vya Kiswahili au Kiingereza vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na nakala zithibitishwe. Picha za pasipoti. Cheti cha tabia njema kutoka polisi wa nchi yake, hata pale ambapo hakijaombwa, kama atakuwa karibu na watoto. Mkataba wa kujitolea uliosainiwa na pande zote. Maelezo ya kazi. Jina liandikwe vilevile kila mahali: kama pasipoti ina majina matatu, mkataba uwe na matatu, kwa mpangilio uleule. Herufi moja ikipishana, ombi linaweza kurudishwa.

Maelezo ya kazi yanastahili jioni nzima ya kuyaandika. "Atasaidia shughuli mbalimbali za kituo" ni sentensi inayoua maombi, kwa sababu afisa haoni kwa nini kijana wa Kitanzania asifanye hizo shughuli mbalimbali. Andikeni hivi: "Atawafundisha wahudumu 4 wa kituo mazoezi ya viungo kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, saa 12 kwa wiki, kwa miezi 5. Atakapoondoka, wahudumu hao wataendelea wenyewe." Hapo kuna ujuzi, kiasi, muda na Watanzania watakaorithi ujuzi huo. Sheria inajali sana hilo la mwisho. Mgeni aliyemaliza kidato cha sita juzi na hana ujuzi wowote wa pekee atapata taabu hapa, na kusema kweli swali la kwa nini asafiri kilomita 7,000 kuja kupaka rangi ukuta ni la haki.

Hatua ya nne, taasisi inafungua akaunti kwenye mfumo wa kielektroniki wa vibali vya kazi ulio chini ya Kamishna wa Kazi, inajaza fomu na kupakia nyaraka. Skani ziwe safi, kurasa zote, muhuri usomeke. Mfumo ukikubali ombi hutoa namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huita kontro namba. Kiasi cha kulipa ndicho kile kinachoonekana kwenye namba hiyo. Lipeni benki au kwa simu kupitia namba hiyo tu. Anayetaka fedha ziingie kwenye simu yake "ili aharakishe" anajitafutia riziki yake, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inapokea taarifa za aina hiyo bure kwa simu 113.

Hatua ya tano huja baada ya kibali cha kazi kutoka: kuomba kibali cha ukaazi Idara ya Uhamiaji, nako kwa mfumo wa kielektroniki. Wanaojitolea huangukia Daraja C la ukaazi, pamoja na wanafunzi, watafiti na wamisionari. Msichanganye herufi hizi. D ya Kamishna wa Kazi na C ya Uhamiaji ni karatasi mbili za ofisi mbili, na ukiwa na moja hujamaliza.

Hatua ya sita ni ya taaluma. Mwalimu wa kigeni anahitaji pia leseni ya kufundisha kupitia Wizara ya Elimu. Daktari anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi na mkunga wana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwanafunzi wa udaktari anayekuja KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, au hospitali nyingine apitie chuo au hospitali yenyewe, abaki chini ya msimamizi. Asikubali kushona kidonda peke yake zahanati ya kijijini eti kwa sababu wauguzi wamechoka. Mgonjwa akidhurika, mwanafunzi huyo hana bima wala leseni ya kumkinga, na kibali cha kazi hakifuti hilo.

Hatua ya saba ni kusubiri. Risiti ya malipo si kibali. Barua ya kupokelewa ombi si kibali. Anayesubiri akiwa ndani ya nchi aangalie siku za pasi yake, na zikikaribia kwisha aende Uhamiaji kuuliza kuhusu pasi maalumu kabla hazijaisha. Siku moja baadaye mazungumzo ni mengine kabisa. Wakati wa kusubiri asianze "kuzoea mazingira" kwa kushika darasa.

MKATABA WA KUJITOLEA

Kurasa mbili zinatosha. Uwe na jina la taasisi na namba ya usajili, jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti, mahali pa kazi kwa kata na wilaya, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, msimamizi ni nani, nani analipia vibali, nani analipia matibabu na tiketi ya kurudi kukiwa na dharura, na namna ya kuuvunja. Mahali pa kazi paandikwe kwa ukamilifu. Kama taasisi ina tawi Usa River na jingine Rau, yatajeni yote mawili, kwa sababu kibali hufungwa kwa mwajiri na mahali, na mgeni aliyeidhinishwa Arusha akikutwa anafanya kazi Moshi kwenye taasisi nyingine hana cha kuonesha.

Kuhusu fedha, iwe hivi: "Mjitoleaji halipwi mshahara. Atarudishiwa nauli halisi kwa risiti, na chakula cha mchana siku za kazi." Nauli ya daladala na sahani ya wali haina tatizo. Laki tatu kila tarehe 30 kwa jina la "posho" ni mshahara uliovalishwa kanga. Hilo lina madhara pande mbili. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kama jambo moja tu kati ya saba lipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, ni sehemu ya taasisi, amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo mtu kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi huyo mmoja tu. Hebu mpime mgeni wako kwa hayo saba. Taasisi nyingi zinazodhani zina mjitoleaji zina mfanyakazi asiye na mkataba.

Na kinyume chake, mgeni asijipe moyo kupita kiasi kwa kifungu hicho. Mahakama za hapa zimekuwa zikishikilia kwamba mkataba wa ajira wa asiye raia hauwezi kuishi kuliko kibali chake. Anayetaka kudai afungue shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 kama ameachishwa, au siku 60 kwa madai mengine, huku akijua kwamba swali la kwanza la upande wa pili litakuwa: kibali kiko wapi?

HAKI ZISIZOHITAJI KIBALI

Kukosa kibali cha kazi hakumfanyi mtu kuwa hana haki. Katiba, kwenye ibara ya 14 na 15 juu ya uhai na uhuru wa mtu, inasema "kila mtu". Haki hizi zitumike.

Pasipoti ni yako kuishika. Mwenyeji anayeifungia kwenye kabati la ofisi "kwa usalama" na kukataa kuirudisha amevuka mpaka. Ukijumlisha na kufanyishwa kazi kwa nguvu au kuzuiwa kutoka, jambo hilo linaweza kuangukia Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya 2008. Iombe kwa maandishi, weka nakala ya ujumbe, kisha nenda polisi na ubalozi wako. Ada uliyolipa kwa ajili ya vibali vyako una haki ya kuonyeshwa risiti yake ya serikali. Kama mwenye kituo anakuonyesha risiti ya kitabu cha dukani, kibali hakijaombwa.

Una haki ya kukataa na kuondoka, hata kama ulilipa ada ya programu ya miezi mitatu. Una haki ya kuripoti ukatili. Kwa mtoto unayemwona anaumizwa kituoni, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, au fika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wengi hukaa kimya wakiogopa kuulizwa kibali. Hofu hiyo inaeleweka, lakini simu ya 116 haidai pasipoti.

Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu na ya kuwasiliana na ubalozi wako, kama Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi unavyosema. Kenya, Burundi na Kongo zina balozi zao Tanzania. Andika namba ya simu ya ubalozi kwenye karatasi, siyo kwenye simu pekee, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Usisaini maelezo usiyoyasoma au yaliyo kwa lugha usiyoijua vizuri. Asiye na fedha za wakili aulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria wapo Arusha na Moshi, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri hujua pa kuwapata.

WAKAGUZI WAKIFIKA

Mara nyingi afisa kazi na afisa uhamiaji huja pamoja, asubuhi ya siku ya kazi. Waombeni vitambulisho kwa adabu, wakaribisheni ndani, mtafuteni msimamizi. Faili la wageni liwe tayari: nakala ya pasipoti na ukurasa wa muhuri, vibali vyote viwili, mkataba, risiti za serikali, cheti cha usajili, leseni ya kituo. Nakala nyingine zikae nyumbani kwa mgeni.

Kama kibali hakipo, makosa matatu hugeuza jambo dogo kuwa kesi. La kwanza ni mgeni kutoroka kupitia uzio. La pili ni msimamizi kusema "ni rafiki tu amekuja kutusalimia" wakati jina lake liko kwenye ratiba ukutani. La tatu ni bahasha. Kutoa hongo ni kosa jipya juu ya lile la zamani, na anayeshtakiwa anakuwa mwenye taasisi. Semeni ukweli mfupi, simamisheni kazi hapohapo, ombeni maelekezo kwa maandishi, na mpigieni wakili. Sheria inatoa faini, kifungo, kuondoshwa nchini na kupigwa marufuku kurudi. Adhabu itaishia wapi kati ya hizo huathiriwa sana na mlivyojieleza siku ya kwanza.

MUDA UKIISHA

Kama kujitolea kutaendelea, ombi la kuongeza muda litumwe mapema, miezi miwili kabla, kwa kuwa kazi inatakiwa kusimama siku kibali kinapokwisha hata kama ombi jipya liko mezani. Akihamia taasisi nyingine, kibali cha zamani hakimfuati. Taasisi mpya inaanza hatua ya kwanza.

Akiondoka, mwenyeji awaandikie Kamishna wa Kazi na Uhamiaji kwamba mtu huyu amemaliza, akitaja namba za vibali na tarehe ya kusafiri, na agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Bila barua hiyo, jina la mgeni linabaki chini ya taasisi. Akirudi mwakani kwa viza ya matembezi, akakutwa anafundisha Kijenge, wa kwanza kupigiwa simu atakuwa mwenyeji wa mwaka jana.